Keki za waridi za Oktoba: Utamu upo, je, mgonjwa anafikiwa?

KILA mwezi wa Oktoba unapoingia, meza za ofisi, shule, makanisa na hoteli katika nchi nyingi duniani hubadilika rangi. Keki hupakwa krimu ya waridi, biskuti hukatwa kwa umbo la utepe, mtindi huchanganywa na stroberi, na hata maandazi ya kawaida hunyunyiziwa sukari ya pinki. Anayeoka huoka kwa moyo mweupe. Anayenunua hununua akiamini kwamba kipande anachokitia mdomoni kimemsaidia mwanamke fulani, mahali fulani, kupambana na saratani ya matiti.

Ni imani njema, na makala haya hayakusudii kuidhihaki. Hata hivyo, baada ya takriban miongo minne ya kampeni hizi, ni haki kuuliza: kati ya kipande cha keki na mwanamke aliyegusa uvimbe kifuani mwake, njia ikoje? Msaada unamfikia, au unaishia mezani pamoja na makombo?

Swali hili si la Wamarekani peke yao, ingawa desturi yenyewe ilianzia kwao. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walifariki dunia kwa ugonjwa huo. Lakini takwimu inayopaswa kutukosesha usingizi ni nyingine. Katika nchi zenye maendeleo makubwa zaidi, mwanamke mmoja kati ya 12 hugundulika na ugonjwa huu katika maisha yake, na mmoja kati ya 71 hufa kwao. Katika nchi zenye maendeleo duni, anayegundulika ni mmoja kati ya 27 tu, lakini anayekufa ni mmoja kati ya 48.

Maana yake ni kwamba mwanamke wa nchi tajiri yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuambiwa ana saratani, ilhali mwanamke wa nchi maskini yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuzikwa kwa sababu yake. Keki ya waridi iliyobuniwa kwa ajili ya yule wa kwanza haiwezi kuletwa kwa huyu wa pili bila kufanyiwa marekebisho.

Utepe ulikotoka

Itakumbukwa kuwa Oktoba ilitengwa kuwa mwezi wa uhamasishaji kuhusu saratani ya matiti nchini Marekani mwaka 1985, kwa ushirikiano wa Chama cha Saratani cha Marekani na tawi la dawa la kampuni ya Imperial Chemical Industries ya Uingereza. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa ikitengeneza tamoxifen, dawa ya saratani ya matiti ambayo hadi leo inatumika. Tawi hilo baadaye lilikuja kuwa sehemu ya kampuni ya AstraZeneca. Kwa maneno mengine, tangu siku ya kwanza hisani na biashara viliketi meza moja. Hilo peke yake si dhambi, kwani dawa hiyo imewaongezea uhai wanawake wengi. Lakini ni vema msomaji akajua nani walikuwa wenyeji wa karamu.

Rangi ya waridi ilikuja baadaye. Mwaka 1991, Taasisi ya Susan G. Komen iliwagawia tepe za rangi hiyo washiriki wa mbio zake za hisani mjini New York. Mwaka uliofuata, jarida la Self, likishirikiana na Evelyn Lauder wa kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder, lilitaka kuufanya utepe uwe alama ya kampeni ya nchi nzima.

Lakini huko California alikuwapo tayari mama mmoja, Charlotte Haley, aliyekuwa akitengeneza tepe zake nyumbani kwa mkono. Tepe hizo zilikuwa na rangi ya tunda la pichi, na alizigawa zikiwa zimeambatanishwa na kadi ndogo. Kadi ilieleza kwamba bajeti ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikuwa dola bilioni 1.8 kwa mwaka na kwamba asilimia 5 tu ndiyo iliyokwenda kwenye kinga. Aliyeipokea alitakiwa kuuvaa utepe ili kuwaamsha watunga sheria na wananchi wenzake.

Mama huyo alipoombwa kuunganisha nguvu na wakubwa hao alikataa, akiona kwamba mpango wao umeelemea mno biashara. Basi rangi ikabadilishwa kutoka pichi kuwa waridi, na kampeni ikaendelea bila yeye.

Kisa hiki kina funzo kwa anayechanganya unga na sukari leo. Utepe wa Haley ulikuwa na kadi, na kadi ilikuwa na hoja: fedha ni kiasi gani, zinakwenda wapi, na nani anapaswa kuulizwa. Utepe uliochukua nafasi yake ulibakiwa na rangi. Tangu hapo rangi imebandikwa juu ya bidhaa za kila namna, na swali limeachwa nyuma.

Hesabu ya kifuniko cha mtindi

Mfano unaofahamika sana ni ule wa mtindi wa Yoplait, uliokuwa ukiuzwa Marekani na kampuni ya General Mills. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wateja walihimizwa kula mtindi, kuosha kifuniko cha rangi ya waridi na kukituma kwa posta, ili kampuni itoe mchango kwa kila kifuniko. Mwaka 1999 vilitumwa vifuniko zaidi ya milioni 9. Kumbe kampuni ilikuwa imejiwekea kikomo cha dola 100,000, kiwango ambacho kilikuwa kimepitwa zamani na vifuniko vilivyokuwa vikiendelea kumiminika. Maofisa wa kulinda haki za wateja katika jimbo la Georgia waliingilia kati, na kampuni ikakubali kuongeza fedha.

Katika miaka ya 2000 kiwango kilichotangazwa kilikuwa senti 10 kwa kifuniko. Tufanye hesabu ya kawaida kabisa. Ili kuchangia dola 10, mteja alipaswa kula vikombe 100 vya mtindi, kuosha vifuniko 100 na kugharimia posta, wakati stempu moja ya barua ilikuwa imekwisha kuzidi senti 30. Aliyetoa dola 10 moja kwa moja mfukoni mwake angemaliza kazi hiyo kwa dakika moja, bila kijiko.

Aidha, mwaka 2008 shirika la Breast Cancer Action la San Francisco, ambalo tangu mwaka 2002 limekuwa likiendesha kampeni ya kuwataka watu wafikiri kabla ya kununua bidhaa za pinki, lilihoji jambo jingine. Mtindi huo ulitokana na maziwa ya ng'ombe waliodungwa homoni ya kuongeza maziwa, homoni ambayo watetezi hao waliihofia kuhusiana na saratani. Hofu hiyo ilikuwa na ubishi miongoni mwa wanasayansi. Hata hivyo, mwaka 2009 kampuni ilitangaza kuacha kutumia maziwa hayo katika mtindi wake. Hapa tunajifunza kwamba mteja anayeuliza hubadilisha mambo, na kwamba mteja anayeridhika na rangi hubadilisha kidogo sana.

Si kila kitamu cha waridi kina hadithi ya aina hiyo. Huko Australia, maduka ya mikate ya Bakers Delight yamekuwa yakishirikiana tangu mwaka 2000 na mtandao wa kitaifa wa wagonjwa wa saratani ya matiti, uitwao Breast Cancer Network Australia. Kila mwaka, kwa majuma machache, huuza mikate midogo mitamu iliyopakwa sukari ya waridi, na mapato yote ya mikate hiyo hukabidhiwa mtandao huo. Mnunuzi anajua ni kiasi gani kinakwenda, kinakwenda kwa nani, na kinafanya nini: kuwapatia wagonjwa taarifa na watu wa kuwashika mkono. Ukitazama mezani, mkate na mtindi vina rangi ileile, lakini vinatofautiana kwa kadiri kila kimoja kinavyosema ukweli wake hadharani.

Kujua peke yake hakutibu

Sasa tugeukie kwetu Afrika Mashariki. Inawezekana msomaji akasema kwamba hata kama fedha ni haba, angalau keki inaleta uelewa, na uelewa ni kinga. Wahenga nao walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli kwamba aibu, hofu ya kukimbiwa na mume na imani kwamba uvimbe ni wa kurogwa huwachelewesha wanawake wengi. Lakini tukiishia hapo, tutakuwa tumemlaumu mgonjwa kwa makosa ambayo mengi si yake.

Mwaka 2017 ilitolewa ripoti ya tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini Tanzania, iliyoandaliwa kwa ushirikiano wa wizara ya afya na wadau wa kimataifa, ikiwamo taasisi ileile ya Komen ambayo fedha zake zimetokana kwa sehemu na mbio na bidhaa za waridi. Ripoti ilionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya wagonjwa hugundulika ugonjwa ukiwa umefika hatua ya tatu au ya nne, yaani wakati tiba ni ngumu, ni ghali, na mara nyingi lengo lake ni kupunguza maumivu badala ya kuponya.

Kwa nini iwe hivyo? Tumchukue mwanamke wa kijijini aliyesikia ujumbe wa Oktoba na kuutii. Anajipapasa, anakuta uvimbe, na siku inayofuata anakwenda zahanati. Je, mhudumu aliye pale amefundishwa kuchunguza titi, au atampa dawa ya kutuliza maumivu na kumwambia arudi baada ya mwezi? Akipewa rufaa, nauli ya kwenda hospitali ya mkoa ni ya nani? Akifika, yupo wa kuchukua kipande cha nyama ya uvimbe kwa ajili ya kipimo? Kikichukuliwa, maabara ya kukisoma iko wapi, na majibu yatamkuta baada ya siku ngapi? Kila swali hapo ni mlango, na kila mlango uliofungwa unamla miezi. Mwanamke huyu hakuficha maradhi. Alibisha hodi, na hakufunguliwa.

Ndiyo maana mpango wa kimataifa wa WHO dhidi ya saratani ya matiti, uliozinduliwa mwaka 2021, haukuweka shabaha ya idadi ya tepe zitakazovaliwa. Uliweka shabaha tatu zinazopimika. Kwanza, angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike katika hatua ya kwanza au ya pili. Pili, majibu ya uchunguzi yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza. Tatu, angalau asilimia 80 ya wagonjwa wakamilishe matibabu yao. Zikifikiwa, vifo milioni 2.5 vinatarajiwa kuepukwa ifikapo mwaka 2040.

Umuhimu wa shabaha ya tatu tuliuona kwa majirani zetu. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa Mulago jijini Kampala, iliharibika kabisa. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katika kipindi hicho chote, mgonjwa wa Uganda aliyeandikiwa mionzi alilazimika kuifuata nje ya nchi au kuikosa. Oktoba mbili zilipita hapo katikati, na rangi ya waridi haikuwa na uwezo wa kufanya kazi ya mashine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wa Namibia, Nigeria, Uganda, Afrika Kusini na Zambia, ulionyesha kwamba miaka mitatu baada ya kugundulika, takriban nusu tu ndio waliokuwa hai. Watafiti walikadiria kwamba karibu theluthi moja ya vifo hivyo ingeweza kuzuilika kwa kuwagundua wagonjwa mapema zaidi na kuwapa tiba iliyo bora. Mambo hayo mawili hayatenganishiki. Kumgundua mapema mtu asiyetibiwa ni kumpa tu muda mrefu zaidi wa kungoja.

Wala si lazima kuanza na mitambo ya mamilioni. Mjini Mumbai, India, utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 150,000 kwa miaka 20 ulitoa matokeo mwaka 2021. Wahudumu wa afya wa kike waliofundishwa kuchunguza matiti kwa mikono walifanya kazi hiyo kila baada ya miaka miwili. Ugonjwa ulionekana katika hatua za mapema zaidi, na miongoni mwa wanawake wa miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Wahudumu hao walitumia mikono iliyofundishwa, daftari na njia ya rufaa inayofanya kazi.

Vitamu vya waridi vya kwetu

Je, basi tuache kuoka? La hasha. Pwani yetu imekuwa na vitamu vya rangi ya waridi tangu kabla utepe haujasikika: kashata za nazi zinazopangwa kwenye sinia sikukuu zinapofika, faluda inayomwagiwa sharubati, na ubuyu wa Zanzibar unaoacha ulimi mwekundu. Asiyetaka rangi ya dukani ana choya, bitiruti na tikiti maji. Hatuhitaji kuagiza desturi hii kutoka ng'ambo. Tunachohitaji ni kuipa kazi.

Na kazi hiyo inafahamika. Titi ni kiungo ambacho wengi wetu hatukitaji mbele za watu. Bango la barabarani haliwezi kulivunja pazia hilo, lakini wanawake watano waliokaa jikoni wakikuna nazi wanaweza. Vikundi vya vikoba, vyama vya akina mama na hata kichen pati ni mahali ambapo mama mkubwa huweza kumwambia binti jambo ambalo hospitali haikupata muda wa kulisema: kwamba uvimbe usiouma nao huchunguzwa, kwamba ngozi ya titi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani ghafla, usaha au damu kwenye chuchu na uvimbe wa kwapani ni dalili za kuonana na mganga, kwamba uvimbe mwingi si saratani, na hilo hujulikana kwa kupimwa. Wanaume nao wasiondoke chumbani, kwa sababu kati ya asilimia 0.5 na 1 ya saratani za matiti huwapata wao, na kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaoshika nauli.

Fedha nazo, hata zikiwa kidogo, zinaweza kufika. Tuseme keki moja imekatwa vipande 16 na kila kipande kimeuzwa shilingi 2,000. Zinapatikana shilingi 32,000. Gharama ya unga, mayai, sukari na mkaa ikiwa shilingi 18,000, kinachobaki ni shilingi 14,000. Kiasi hicho hakijengi hospitali. Lakini keki kumi za kikundi kimoja huacha shilingi 140,000, ambazo zinaweza kuwa nauli ya wanawake kadhaa kutoka kijijini hadi hospitali ya rufaa, na nauli ya kurudi kuchukua majibu, safari ambayo wengi huikosa.

Lipo pia suala la sukari yenyewe. Madai ya mitaani kwamba kipande cha keki hulisha saratani yametiwa chumvi. Lakini unene uliopindukia, hasa baada ya kukoma hedhi, na unywaji wa pombe ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya saratani ya matiti. Kwa hiyo kipande kiwe kidogo, na pasiwe na wa kuambiwa kwamba kadiri anavyokula ndivyo anavyookoa maisha. Sambamba na hilo, tusimtishe aliyeugua kwamba amejitakia. WHO inaeleza kwamba takriban nusu ya wagonjwa hawana kihatarishi chochote kinachofahamika zaidi ya kuwa wanawake na kuwa na umri wa zaidi ya miaka 40.

Turudishe ile kadi

Hisani ya jikoni haichukui nafasi ya Serikali. Kufundisha wahudumu, kuweka maabara, kununua mashine na kuzitengeneza zinapoharibika ni kazi ya bajeti ya taifa. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kipimo chake kwa mgonjwa wa saratani kitakuwa kimoja: je, mwanamke asiye na kitu atakamilisha matibabu aliyoyaanza? Wabunge na madiwani hualikwa sana kukata keki za Oktoba mbele ya kamera. Ingefaa waalikwe pia kujibu ni siku ngapi hupita katika wilaya zao kati ya mgonjwa kufika zahanati na kupata majibu.

Kwa sababu hiyo, pendekezo la makala haya ni dogo na halina gharama. Kila penye keki, kashata au mkate wa waridi, iwekwe kadi kando ya sahani. Iandikwe mambo manne: kiasi gani cha bei hii kinatolewa, kinapewa nani, kitafanya kazi gani, na ni zahanati au hospitali ipi iliyo karibu ambako mwanamke anaweza kuchunguzwa wiki hii, siku gani na saa ngapi. Kampuni itakayoshindwa kuijaza kadi hiyo iuze bidhaa yake kwa rangi yake ya siku zote. Kikundi kitakachoijaza, hata kwa mwandiko wa kalamu ya risasi, kitakuwa kimeurudisha utepe mahali ambapo Charlotte Haley aliuanzishia.

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Oktoba itapita, krimu itakauka kwenye sinia, na mahali fulani mwanamke atakuwa amesimama mbele ya mlango wa zahanati akiwa na uvimbe alioambiwa asiupuuze. Sisi tuliomwambia hivyo tuna wajibu wa kuhakikisha kwamba ndani yupo wa kumpokea.